Hema la Milango Miwili

Mimi nimezaliwa Singida, na barafu niliyokua nikiijua ni ile ya ubuyu, inayouzwa getini mwa shule kwenye kijifuko cha plastiki. Unang'ata kona, unafyonza, midomo inabaki myekundu mpaka jioni. Kwamba ipo barafu ambayo mtu mzima anapanda juu yake na viatu, anatoboa tundu, anakaa kitini na kuvua samaki, nilikuja kuambiwa nikiwa na miaka arobaini na kitambi, na aliyeniambia ni mjomba wa mke wangu. Nilidhani ananitania. Mjomba si mtu wa utani.

Mjomba anaishi Minnesota, huko juu ambako Marekani inakaribia kuisha. Ni kaka mkubwa wa mama mkwe wangu na ndiye aliyemlea. Walikimbia Burundi pamoja, wakakaa kambi moja Kigoma miaka mingi, na ilipofika zamu yao ya kuletwa Marekani majina yao yakatoka kwenye orodha mbili tofauti. Kaka akapelekwa kwenye theluji, dada akaletwa Houston kwenye joto. Miaka kumi na minne hawajaonana. Kila Jumapili baada ya misa wanapigiana simu, wanaongea mpaka betri inaomba msamaha.

Mwaka juzi mjomba akamwambia dada yake: njoo Februari, tukae juu ya ziwa tuvue, kama tulivyokuwa tukivua utotoni. Lakini kibanda changu cha barafuni kinanienea mimi peke yangu, kwa hiyo mje na cha kwenu.

Mama mkwe akasema atafikiria.

"Maana yake amekataa," mke wangu akaniambia. "Ame-refuse Krismasi tatu, ame-refuse harusi ya mtoto wa mjomba. Na mjomba sasa ana miaka sabini na minne. Akikataa na hii, sijui kama kutakuwa na nyingine."

Nikasema, niachieni mimi. Kazi yangu ni kukagua mashine za hospitali, zile za kusukuma dawa na kupima mapigo, na ninaamini kwamba hakuna tatizo ambalo halina kifaa chake. Kama mama mkwe anaogopa baridi, nitamtafutia hema ambalo baridi yenyewe italiogopa. Nilisema hivyo kwa sauti, jikoni kwetu Cedar Hill, Texas, nikiwa nimeshika mwiko wa ugali juu.

Sasa, mtu wa kumpeleka mama Minnesota nilikuwa mimi, kwa sababu mke wangu anafanya kazi ya kuhudumia wazee na likizo ya Februari walishamnyima. Na hapo ndipo kwenye mgogoro. Kwao, na kwetu pia, mkwe na mama mkwe hawakai hovyo pamoja. Hampeani mikono. Hamli mkitazamana. Ukimkuta kwenye korido, mmoja anarudi alikotoka. Unaongea naye macho yakiwa chini, na ikiwezekana huongei naye kabisa, unaongea na mtu wa tatu ambaye naye anamwambia. Gari tulishalitatua: yeye anakaa nyuma upande wa abiria, na kioo cha katikati ninakielekeza juu kwenye dari, kwa hiyo kila tunapomsafirisha ninaendesha kwa vioo vya pembeni na kwa neema ya Mungu.

Simu ndiyo ilikuwa kichekesho. Mama anapiga kutoka Gulfton, mtaa wake huko Houston, mke wangu anaweka spika, na mimi nipo hapo hapo mezani.

"Mwambie mkwe nimeshukuru kwa ule mchele."

"Mama, anakusikia. Uko kwenye speaker."

"Ego, ndiyo. Mwambie."

Mke wangu ananigeukia. "Mama anasema ameshukuru kwa mchele."

"Mwambie mama asijali."

"Mama, anasema usijali."

"Nimemsikia," anasema mama mkwe.

Miaka sita tulikuwa tunaishi hivyo na hakuna aliyeona ajabu, isipokuwa mke wangu, ambaye alisema siku moja atadai mshahara wa ukalimani.

Nilianza na duka kubwa la vifaa vya uvuvi na uwindaji upande wa Fort Worth, lenye vichwa vya swala ukutani na tangi la samaki hai. Nikamwambia mhudumu, mzee mwenye kofia pana, kwamba ninatafuta hema la kuvulia kwenye barafu. Akanipeleka kwa heshima zote mpaka kwenye makasha ya kupozea bia. Nikamwambia hapana, barafu iko chini, mimi niko juu. Akafikiri sana. Akauliza ni ziwa gani hilo hapa Texas. Nikasema si la hapa. Akashusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa kwamba kichaa wa mtaa anahama kesho.

Basi nikarudi kwenye mtandao. Jioni zangu zote nilikuwa nikisoma maoni ya wanaume wa kaskazini, watu wanaopima baridi kwa kutazama ndevu zao. Nikajifunza unene wa kitambaa, idadi ya mbavu, mambo ya kutoboa barafu ili ukikaze kibanda kwa kamba upepo usikichukue. Nikatengeneza jedwali. Nje hewa ilikuwa ya moto kiasi kwamba mbwa wa jirani alikuwa amelala kwenye beseni la maji, na mimi nilikuwa nasoma kuhusu kuganda kwa zipu.

Hema la kwanza nililolipenda ni lile la kupindua. Hilo ni sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuburuta kwenye theluji, na juu yake vimefungwa viti viwili, halafu nyuma kuna kifuniko kilichokunjwa. Mkishakaa, mnakivuta juu ya vichwa vyenu kama kile kifuniko cha kigari cha mtoto mchanga, na mko ndani. Dakika moja, kazi imekwisha. Nikatuma picha Houston nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua dawa.

Simu ikapigwa.

"Mwambie mkwe ile picha nimeiona."

"Anakusikia, mama."

"Mwambie nimeona viti viwili. Vimegandana. Halafu wenyewe wanafunikwa."

Mama akashusha sauti.

"Mwambie mkwe, watu wanaokaa hivyo ni bibi na bwana."

Masikio yaliniwaka. Nilitoka nje nikajifanya ninakagua matairi. Mpaka leo nikiona tangazo la hema lile ninasogeza kioo haraka.

La pili halikuwa moja, yalikuwa mawili: vibanda vidogo vya mtu mmoja mmoja, vyembamba, vinavyofunguka kama mwavuli. Kila mtu na chake, heshima imelindwa.

"Mwambie mkwe mimi si gunia la mkaa," mama alisema, "la kusimamishwa wima na kufungwa juu. Na huyo kaka yangu nitaongea naye nikiwa wapi?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikaleta la tatu, la fremu ya chuma, lililosimama kama kibanda cha mlinzi, lenye nafasi ya watu wanne. Hapo nilijua nimeshinda. Mama akalitazama siku mbili nzima.

"Mwambie mkwe lina mlango mmoja."

"Ndiyo mama, ni hema, si kanisa," mke wangu akasema, bila kunisubiri.

"Na mimi nikiwa natoka, na yeye akiwa anaingia?"

"Jamani, si mta-say excuse me tu mpite!"

"Hapana," tukasema mimi na mama mkwe kwa pamoja, mimi Cedar Hill na yeye Gulfton. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kusema neno moja kwa wakati mmoja. Mke wangu akaweka simu mezani akaenda kuoga.

Kwa kweli hoja ya mlango ilikuwa na mashiko. Nilipendekeza nibaki kwenye gari kando ya ziwa, wao wavue. Mke wangu akasema mjomba angeaibika: mkwe ametoka Texas nzima, halafu anakaa garini kama dereva wa kukodi? Ndipo mahitaji yakawa wazi. Hema liwe na milango miwili inayotazamana, mmoja kwa ajili ya mama na kaka yake, mwingine wa mkwe. Liwe pana, katikati lipite pazia. Nikaongeza safu mbili kwenye jedwali.

Lakini mahitaji hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata mama akasema lisiwe jeusi, jeusi ni la msiba. Wiki nyingine akataka kujua kama linapiga kelele kwenye upepo, kwa sababu kelele za turubai zinamnyima usingizi. Nani alale? Kisha akauliza barafu ikipasuka hema linaelea au halielei. Nikaandika barua kwa watengenezaji, nikauliza. Walinijibu kwa upole kwamba hawajawahi kuulizwa hivyo.

Hasira zikanipanda. Mimi nina hasira za karibu, mke wangu husema hazihitaji hata kiberiti. "Mama yako hatafuti hema," nikamwambia. "Anatafuta sababu."

Nilitegemea anijibu kwa ukali. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, bado amevaa sare ya kazini.

"Najua," akasema. "Nisaidie tu. Mjomba ndiye aliyem-raise. Nataka waonane, hata siku moja tu. Even kama ni one hour."

Nikarudi kwenye jedwali.

Tangazo nililipata Novemba. Kulikuwa na mwanamume pembezoni mwa Houston, mtu wa kaskazini aliyehamia huko kwa ajili ya kazi ya mafuta, na alikuwa anauza hema lake la barafuni: la watu sita, la rangi ya bluu, milango miwili. Nilisoma "milango miwili" mara tatu. Jumamosi asubuhi tukaingia barabarani mimi na mke wangu, saa nne za kushuka Houston, na njia nzima nilikuwa naomba asije akalinunua mwingine. Mke wangu akaniuliza ni nani huyo mwingine.

Yule bwana alikuwa mrefu, mnene, amevaa kandambili, na alitupokea kama ndugu waliopotea. Alikuwa ameweka lile tangazo miaka miwili, na mtu pekee aliyewahi kumpigia alitaka hema la kufugia kuku. Akalifungua kwenye nyasi zake. Unavuta kitanzi kilichopo katikati ya ukuta, ukuta unatoka nje kwa kishindo, pa! kisha wa pili, pa! mpaka na paa. Ndani kulikuwa giza totoro. Akaeleza kwamba yeye alikuwa anavua kwa mkuki, na mvuvi wa mkuki anataka giza, maana ukikaa gizani maji yaliyo kwenye tundu yanang'aa na samaki unamwona wazi. Kwa hiyo madirisha yote aliyaziba kwa kitambaa cheusi akayashona, akaacha vitundu vya hewa tu huko juu.

"Na kwa nini ulisisitiza sana milango miwili?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za mkwe na mama mkwe. Nilieleza vizuri, pamoja na kile kioo cha gari. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akamwita mkewe atoke ndani asikie na yeye. Akasema angejua mapema kwamba kuna watu wenye sheria hiyo, angeenda kuoa kwetu. Mkewe hakucheka. Tukapewa na ndoo mbili za plastiki za kukalia, tukaondoka.

Gulfton siku hiyo ilikuwa bado haijapata habari za Novemba. Joto lilikuwa limelala juu ya lami, maji ya viyoyozi yanadondoka kutoka ghorofani, na uwanja wa kuegesha magari wa kwa mama ulikuwa umejaa kama kawaida, isipokuwa nafasi mbili karibu na ngazi. Tukalisimamisha hema hapo. Pa! Pa! Watu wakatoka kwenye vibaraza. Mama mmoja akauliza kwa Kihispania kama ni chanjo. Watu watatu wakapanga foleni kwenye mlango wa mashariki wakiamini kuna chakula kinagawiwa, na ilibidi mke wangu awaombe radhi mmoja mmoja. Jirani wa mama, mama wa Kikongo, akaegemea ukuta.

"Mama mukubwa, c'est quoi hii? Hema ya maombi?"

"Ni ya samaki," mama mkwe akasema kutoka juu ya ngazi.

"Samaki iko wapi?"

"Iko Minnesota."

Mama wa Kikongo akajifunga upya kitenge chake, akaamua kubaki.

Mama mkwe akashuka. Nilikuwa nimeinamisha macho kama inavyopasa, kwa hiyo nilianza kuona buti, kisha soksi za sufu juu ya suruali, kisha upindo wa koti zito alilopewa parokiani. Kama ni kujaribu, alisema, basi tujaribu kweli. Akamwambia mke wangu amwambie mkwe apite mlango wake, na yeye atapita wake.

Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga kamba ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, na kutundika kitenge cha maua kwa pini. Mama akaingia upande wa mashariki na ndoo yake. Mimi nikaingia magharibi na yangu. Kila mmoja akavuta zipu yake chini. Giza likaingia, zito, na nikasikia mama akisema "yoo" taratibu upande wa pili. Nilijivuna kimya kimya. Wiki kumi za kazi, na mpango wangu ulikuwa umesimama wima. Nje mke wangu akapiga kelele kwamba anapanda juu kuchukua chupa ya chai, ili jaribio likamilike.

Ni wakati huo mwenye nafasi ya pili ya kuegesha aliporudi kutoka zamu yake.

Nilisikia injini, kisha breki, kisha mlango wa gari, kisha hatua za mtu aliyechoka zikipanda ngazi. Alikuwa ameingiza pikapu yake kwenye nafasi yake, kama ilivyo haki yake, na hema alilikuta humo akalisukuma kidogo kwa ubavu wa gari. Ukuta wangu ukabinuka ndani, zipu ikakaza kama kamba ya ngoma. Nikavuta. Haikusogea hata jino moja.

"Kuna gari mlangoni kwangu," nikasema, bila kumlenga mtu.

Upande wa pili nikasikia mama akisimama. Akili nzuri: yeye atoke kwa mlango wake, akatoe taarifa. Nikasikia zipu yake ikipanda, krrr, halafu ikanyamaza. Ilikuwa imeng'ata pindo la kitenge cha pazia, lililoburuzika mpaka mlangoni. Mama akavuta. Mama ana nguvu. Akavuta tena kwa mikono miwili, na kamba, pazia na pini zote za mke wangu zikashuka kwa pamoja juu ya lami.

Tulikuwa chumba kimoja. Niligeukia ukuta haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Mke wangu akarudi. "Nyie! Mko wapi? Mbona zipu imekwama? Na hii truck ni ya nani?" Akahangaika nje, akavuta hapa na pale, hema likayumba na kurudi. "Msiogope! Naenda kumtafuta mwenye gari, naanza na floor ya chini!" Tukasikia viatu vyake vikienda, na sauti ya mama wa Kikongo ikimshauri aanze juu.

Basi tukabaki. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na ina tochi, lakini kuiwasha ingekuwa kumwona, kwa hiyo nikaiacha. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Nikamfikiria yeye, na lile koti la parokiani.

"Ndoo," mama mkwe akasema.

Nilidhani anaomba ndoo yangu. Nikaanza kuisukuma kwa mguu.

"Ndoo, mwambie mkwe akae chini. Akianguka kwa hili joto nitamnyanyuaje mimi?"

Nikasimama pale na utu uzima wangu wote. Halafu nikaigeuza ndoo, nikakaa, uso kwa ukuta.

"Ndoo," nikasema, "mwambie mama nimekaa. Na yeye avue koti."

"Ndoo, mwambie nimeshavua zamani."

Nje mtu aliuliza chakula kitaanza kugawiwa saa ngapi.

"Ndoo, muulize mkwe, huko Minnesota ndani ni giza hivi hivi?"

"Mwambie mama ni hivi hivi. Mwanga unatoka chini tu, kwenye tundu."

"Kwa hiyo watu hawaonani."

"Wanaonana kidogo. Ila wanasikizana vizuri."

Akavuta pumzi ndefu. "Ndoo, mwambie mkwe hema lake ni zuri. Na yale mengine pia yalikuwa mazuri. Lile la mlango mmoja lilikuwa zuri sana."

Nikashika kichwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini utapigia kelele ndoo?

"Mwambie siogopi baridi," akaendelea. "Wala hema si kitu kigeni kwangu. Kambini nimekaa chini ya turubai miaka mingi kuliko hiyo ya ndoa yake."

"Ndoo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepungua ukali, "muulize mama, sasa anaogopa nini?"

Nikasikia buti zake zikisugua lami.

"Naogopa kumwona kaka yangu. Siku ninaondoka kambini alibeba sanduku langu kichwani, kutoka nyumbani mpaka kwenye basi, na ni mbali. Hakulitua hata mara moja. Watu walimwambia apumzike, akacheka, ana meno meupe, hakutua. Sasa kila Jumapili akipiga, mimi naongea na huyo mwenye sanduku. Nikienda huko nikamkuta mtu mwingine, huyu wangu atakwenda wapi?"

Sikuwa na kifaa cha hilo. Mjomba mimi ninamwona kwenye simu ya video, anampigia mke wangu mara kwa mara. Ningeweza kudanganya. Mtu anapoulizia mgonjwa wake mnasema anaendelea vizuri, ndiyo ustaarabu. Lakini mimi kazi yangu ni kukagua, na nikiulizwa hali nimezoea kusema hali.

"Ndoo, mwambie mama kaka yake amezeeka."

"Sana?"

"Sana. Anatembelea fimbo. Meno ya mbele hana. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono."

Nikasubiri kilio. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi, kisha nikatambua kuwa mama mkwe wangu anacheka. "Yale meno!" akasema. "Alivyokuwa anaringa nayo kwa wasichana! Aliyasugua kwa mkaa asubuhi na jioni!" Akacheka mpaka akapenga kamasi, na katikati ya kupenga kicheko kikabadilika, na hicho nilikiacha kipite.

"Na mimi?" akauliza. Hakuitaja ndoo. "Mimi nimezeeka?"

"Sijui, mama," nikasema. "Sijawahi kukutazama."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka sita ninazijua ndala zake, upindo wa kitenge chake, mikono yake ikiweka sahani mezani na kuondoka. Angepotea leo polisi wakaniulizia uso wake, nisingeweza kuwaambia lolote.

"Washa simu," akasema. "Nitazame. Halafu uniambie kweli, kama ulivyoniambia ya kaka yangu."

Sikutaka. Nilipapasa mfukoni kama mtu anayetafuta kitu anachoomba asikipate. Nikawasha, nikaielekeza tochi chini, kisha nikageuka, nikainua macho.

Alikuwa amekaa wima juu ya ndoo, koti mapajani, kilemba kimelowa, pini moja ya mke wangu imenasa begani. Hakuficha uso wala kugeuka. Nikamtazama kwa makini, kama ninavyotazama kitu ninachopaswa kukisainia.

"Umezeeka, mama."

"Kiasi gani?"

"Kama kaka yako."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu.

"Basi kata tiketi," akasema.

Nikazikata palepale, mbili, jasho likidondoka juu ya kioo cha simu, na nje mke wangu alikuwa bado anamgongea mlango mtu asiye na gari.